Maji Mafu na Bamvua: Bahari Ilivyowafunza Askari wa Majini wa Marekani

Hotuba iliyotolewa katika ua wa Ngome ya Lamu

Assalamu alaykum. Wazee wangu mlioketi mbele, akina mama, manahodha, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliobaki kusimama penye ngazi kwa kukosa viti, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya historia ya vita ya lile jeshi la Marekani liitwalo Marine Corps, na aliyeniomba hakunificha sababu: vijana wetu wanawaona askari hao katika filamu, wanazijua bunduki zao kwa majina, lakini hawajui wametoka wapi wala kwa nini wapo. Nimekubali kwa sharti moja. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia na mwana wa nahodha, si mwanajeshi, na historia hii nitaisoma kama anavyoisoma mtu wa Amu, yaani kwa kuuliza kila panaposhukwa ufuoni: siku hiyo mwezi ulikuwa ngapi, na maji yalikuwaje?

Kipimo changu kiko karibu. Vita vya Shela vilipiganwa takriban mwaka 1812 au 1813, na habari zake mmezisikia tangu utotoni. Jeshi la Pate pamoja na la Mazrui wa Mombasa lilishuka Shela, likapigana, likashindwa, kisha likarudi mbio pwani lipande vyombo lijiokoe. Likakuta maji yamekupwa na vyombo vimelala mchangani. Wazee wetu walipotusimulia kisa hiki hawakukawia sana kwenye panga na mikuki. Walikawia hapo, kwa watu waliokuwa na majahazi mbele ya macho yao na wasiweze kuyasogeza hata shubiri moja, na mifupa yao ikawa inaonekana kwenye matuta ya mchanga kwa miaka mingi baadaye. Watu wa Lamu, kwa kuhofia kisasi, wakamwomba Seyyid Said wa Omani awalinde, na ngome hii tuliyomo ikakamilika mwaka 1821. Maji kupwa ya siku moja, basi, yalikuwa na mkono wake katika mambo yaliyoifuata pwani nzima kwa karne iliyobaki.

Kuhusu jina, nalo lina taabu yake. Tukisema “majini wa Marekani”, bibi yangu, Mungu amrehemu, angeuliza wamepandishwa na mganga gani. Kwa hiyo nitasema askari wa majini, na nitakapotaja wanamaji nitakuwa nakusudia watu wa meli. Mwanamaji kazi yake ni chombo. Askari wa majini ni askari wa miguu anayebebwa na chombo mpaka mahali pa kushukia, na kazi yake ngumu kuliko zote iko katika kile kipande ambacho si bahari tena na bado hakijawa nchi kavu: maji ya kifua, maji ya kiuno, maji ya goti.

Jeshi hilo lilianzishwa tarehe 10 Novemba 1775, katika mji wa Philadelphia, kwa azimio la baraza la makoloni yaliyoasi utawala wa Uingereza, miezi kadhaa kabla Marekani yenyewe haijatangaza uhuru wake. Azimio lilitaka vikosi viwili. Askari wa namna hiyo walikuwapo tayari katika majeshi ya Ulaya, na kazi yao melini ilikuwa kupiga risasi kutoka juu ya milingoti, kurukia merikebu ya adui zinapogusana ubavu kwa ubavu, na, jambo lisilosemwa sana siku za sherehe, kuwalinda maofisa dhidi ya mabaharia wao wenyewe. Mara ya kwanza waliposhuka nchi ya adui ilikuwa Machi 1776 huko Nassau, katika visiwa vya Bahama, chini ya Kapteni Samuel Nicholas. Walikuwa wametumwa kuteka baruti. Wakashuka bila taabu, wakaitwaa ngome ya kwanza, wakalala. Gavana naye hakulala. Usiku huohuo alipakia sehemu kubwa ya baruti melini ikaondoka. Mizinga waliipata, baruti iliyowapeleka ikawapita gizani.

Mwaka 1805 wapo Afrika, katika vita vya Marekani na mtawala wa Tripoli. Wimbo wa jeshi lao mpaka leo unautaja ufuo wa Tripoli, na msikilizaji atadhani walifika kwa meli huku bendera zinapepea. Ukweli ni kwamba Luteni Presley O'Bannon na askari wa majini wasiofika kumi walitoka Iskandaria wakavuka jangwa kwa miguu na ngamia, mwendo wa kilomita 800 hivi, pamoja na mamia ya Waarabu na Wagiriki waliokodiwa, wakauteka mji wa Derna tarehe 27 Aprili. Tripoli yenyewe hawakufika. Nalitaja hili kwa sababu wale mamia hawakuingia katika wimbo, na sisi watu wa bandari tunajua jinsi majina ya mabaharia wa kukodi yanavyopotea.

Karne iliyofuata nitaipita haraka. Walipigana Meksiko, walitumwa kwenye nchi za Karibi na Amerika ya Kati kulinda maslahi ya serikali yao kwa njia ambazo wenyeji wa Haiti na Nikaragua bado wanazikumbuka kwa uchungu, na mwaka 1918 walipata sifa kubwa katika msitu wa Belleau, Ufaransa. Sifa hiyo ilizaa swali la hatari. Ikiwa hawa wanapigana msituni, mbali na bahari, kama askari wengine wa miguu, basi kuna haja gani ya nchi moja kulisha majeshi mawili ya namna moja? Jeshi lisilo na jibu la swali kama hilo huvunjwa. Jibu walilolipata ndilo lililowafanya wawe walivyo, na walilipata katika kushindwa kwa watu wengine.

Aprili 1915 Waingereza, Wafaransa na askari wa Australia na New Zealand walijaribu kushuka Gallipoli, Uturuki, na baada ya miezi minane wakaondoka mikono mitupu, wakiwa wameacha makaburi ya makumi ya maelfu. Wataalamu wengi wa vita wakahitimisha kwamba kushuka ufuo unaolindwa kwa bunduki za kisasa hakuwezekani tena. Maofisa wa Marine wakaisoma Gallipoli kwa jicho jingine: wakauliza ni jambo gani hasa lilikosewa pale. Mmoja wao, Earl Ellis, mtu hodari na mlevi, aliandika mwaka 1921 mpango wa vita na Japani kisiwa kwa kisiwa, miaka ishirini kabla ya vita vyenyewe, kisha akafa mwaka 1923 katika visiwa vya Palau vilivyokuwa chini ya Wajapani alipokwenda kuchunguza. Na Novemba 1933, katika shule yao ya Quantico, masomo yote yalisimamishwa, walimu na wanafunzi wakaambiwa waketi waandike kitabu cha mwongozo wa kushuka ufuoni, kwa kuwa hakikuwapo kitabu cha kufundishia. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuona shule yenye ujasiri wa kufunga madarasa kwa sababu imekiri kwamba haijui inachokifundisha. Mwaka uliofuata mwongozo ukatoka.

Kitabu kikapatikana, vyombo bado. Hapa mafundi wa Matondoni wanisikilize. Mjenzi wa mashua wa New Orleans, Andrew Higgins, alikuwa akiwatengenezea wawindaji na watu wa mafuta mashua za kupita vinamasi, zenye tumbo la chini kidogo tu, zinazoweza kupanda ukingoni na kurudi nyuma bila kuvunja rafadha. Ila mtu alishuka kwa kuruka ubavuni. Mwaka 1937, huko Shanghai, luteni kijana aitwaye Victor Krulak alipiga picha mashua za Wajapani ambazo omo yake, yaani sehemu ya mbele, ilifunguka ikalala kama daraja, akatuma taarifa Washington, na wakubwa wakaiweka kabatini. Miaka kadhaa baadaye ndipo Higgins alipoifanya omo ya mashua yake ifunguke namna hiyo. Chombo kilichotoka kilikuwa na urefu wa futi 36, kilibeba askari 36, na kikipakiwa kilitaka maji ya futi 4 hivi ili kipite juu ya mwamba bila kugusa. Tafadhali ishikeni hesabu hiyo ya futi 4. Chombo cha pili kilibuniwa na Donald Roebling, mjukuu wa mhandisi aliyesimamia ujenzi wa daraja la Brooklyn, kwa ajili ya kuokoa watu katika vinamasi vya Florida baada ya tufani: gari lenye minyororo kama ya kifaru, linaloelea majini na kutambaa juu ya mwamba. Hilo halikujali maji yamejaa au yamekupwa. Lakini yalikuwa machache.

Sasa tufike Tarawa, na hapa sitakuwa na haraka.

Betio ni kisiwa kidogo katika kundi la Tarawa, visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni nchi ya Kiribati. Urefu wake haufiki kilomita 4, upana wake haufiki hata kilomita moja, na kimezungukwa na mwamba wa matumbawe unaoenea mita mia tano hivi kutoka ufuoni. Mtu wa hapa haihitaji ramani. Aufikirie mwamba wa Kiwayu. Wajapani walikuwa wameweka huko watu wapatao 4,700, wakiwemo vibarua wa Kikorea, na uwanja wa ndege ambao Wamarekani waliutaka. Siku iliyopangwa ilikuwa tarehe 20 Novemba 1943.

Wapangaji walikuwa na washauri waliowahi kupita na vyombo katika visiwa hivyo, na wengi wao walitarajia maji ya futi 5 juu ya mwamba asubuhi hiyo. Mmoja alikataa. Meja Frank Holland, aliyeishi katika visiwa hivyo miaka mingi na kuyafuatilia maji yake, aliposikia tarehe alishtuka, akasema hayatazidi futi 3. Alieleza kwamba kuna siku ambazo maji ya huko hayafuati desturi, hayajai sawasawa wala hayapwi sawasawa, yanakaa tu. Manahodha, naona mnatabasamu. Neno mnalo: maji mafu. Nilipotafuta katika kalenda ya mwezi, nikakuta tarehe 20 Novemba 1943 ilikuwa Mfunguo Pili, mwezi 21 au 22, kutegemea mwandamo. Mvulana wa Kizingitini anayekwenda na baba yake kuvua angejibu bila kufungua kitabu. Na mnamo 1987 mwanafizikia Donald Olson wa Texas alipiga hesabu akaonyesha kwamba, zaidi ya mwezi kuwa katika robo ya mwisho, ulikuwa pia karibu na mahali unapokuwa mbali kabisa na dunia, hivyo mvuto wake ulikuwa dhaifu kwa sababu mbili. Yalikuwa maji mafu kuliko maji mafu ya kawaida.

Haki inataka niseme kwamba onyo halikutupwa lote. Jenerali Julian Smith, mkuu wa divisheni ya pili ya Marine, aliwaambia watu wake wajiandae, kwa kuwa huenda nusu kwa nusu wakalazimika kutembea majini, na wakubwa wake wakapigania mpaka yakaongezwa yale magari ya Roebling, yakafika 125. Lakini tarehe haikusogezwa. Ilikuwa imefungamana na ratiba ya vita vizima vya Pasifiki, na ratiba za wakubwa hazina mwandamo.

Mawimbi matatu ya kwanza ya askari yalikuwa katika magari ya minyororo, nayo yalipanda mwamba yakafika ufuoni kama saa tatu na dakika kumi asubuhi. Nyuma yao zikaja mashua za Higgins, zikagonga mwamba, zikasimama. Maji yalikuwa futi 3. Omo zikafunguliwa pale pale, na watu wenye mizigo mgongoni na bunduki juu ya vichwa wakaanza kutembea mita mia tano ndani ya maji ya kifua, mbele ya bunduki za rashasha. Wengine walitumbukia kwenye mashimo ya matumbawe wakazama kwa uzito wa mizigo yao. Redio zililowa zikanyamaza, hivi kwamba makamanda melini walikuwa wakiuona moshi bila kujua ni nani aliye hai. Kanali David Shoup, aliyeongoza ufuoni akiwa amejeruhiwa mguu, alilazimika kuamuru kwa wajumbe wa miguu. Saa zikapita na maji hayakujaa. Yalianza kupanda siku ya pili mchana, na hapo ndipo mashua zilipoanza kuvuka mwamba na mambo yakageuka.

Vita vilichukua saa 76. Wamarekani 1,000 hivi waliuawa. Katika askari wa Kijapani waliotekwa hai ni 17 tu, pamoja na vibarua wa Kikorea zaidi ya mia moja, na karibu watu wote waliobaki walikufa. Jeshi la Marine linaikumbuka Tarawa kama ushahidi wa ushujaa, na ushujaa ulikuwapo, sitaukanusha. Hata hivyo, mimi naiona zaidi kama hesabu ya futi moja: futi 4 zilizotakiwa na futi 3 zilizokuwapo.

Baada ya hapo walijifunza kwa haraka. Vikaundwa vikosi vya wapiga mbizi wa kupima miamba na kuilipua kabla ya kushuka, kazi ambayo wazee wetu waliifanya kwa bildi na pondo. Magari ya minyororo yakaagizwa kwa mamia. Redio zikafungwa zisipitishe maji. Februari 1945 huko Iwo Jima hawakushindwa na mwamba, wakashindana na mchanga, majivu meusi ya volkano ambayo gurudumu lilididimia ndani yake kama mguu unavyodidimia kwenye matuta ya Shela saa sita mchana. Siku 36, na askari wa majini karibu 6,000 waliouawa. Waliokuwa wakipakua risasi na kuzipandisha katika mchanga ule ni pamoja na askari weusi, na hili nalo lisemwe: kwa zaidi ya karne moja jeshi hilo lilimkataa mtu mweusi, mpaka mwaka 1942, na hata hapo liliwatenga, likawafunza peke yao katika kambi ya Montford Point, North Carolina, watu karibu 20,000 kwa jumla mpaka ilipofungwa mwaka 1949.

Inchon, Korea, ndipo mwanafunzi alipofaulu. Septemba 1950 Jenerali Douglas MacArthur aliamua kushuka nyuma ya jeshi la Korea Kaskazini katika bandari ambayo wanamaji wake walimwambia ina kila kasoro inayojulikana. Hapa kwetu bamvua kubwa, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka mita tatu na zaidi kidogo, na tunaiheshimu. Inchon maji hupanda na kushuka mita 9, na yakipwa huacha tope la kilomita nzima. Tope nalijua kwa kadiri yangu. Nikiwa kijana niliwahi kukwama katika mlango wa bahari wa Mkanda, safarini kwenda Faza, kwa kuwa nahodha wetu alichelewa kung'oa nanga kwa ajili ya abiria mmoja na mbuzi wake. Chombo kikalala ubavu, tukashuka kusukuma, nikazama mpaka mapajani, kiatu kimoja hakikurudi, na kwa karibu saa sita tulikaa tukiwatazama kaa wakitembea pale tulipopaswa kuwa tunaelea. Hakuna aliyekuwa akitupiga risasi, na bado ilikuwa siku ndefu.

Safari hii walimtuma mtu mapema. Luteni Eugene Clark wa jeshi la wanamaji alikaa katika kisiwa kilicho karibu kwa wiki mbili, akapima tope, akalinganisha majedwali ya maji, akathibitisha kwamba yale ya Wajapani ndiyo ya kuaminika kuliko ya Wamarekani, na usiku wa kuamkia siku yenyewe akawasha mnara wa taa wa Palmi-do ili meli ziuone mlango. Tarehe ilichaguliwa kwa maji, si maji kwa tarehe: 15 Septemba, Mfunguo Tatu, mwezi pili hivi. Bamvua. Kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yakiwa juu, kikosi kimoja cha Marine kilikitwaa kisiwa cha Wolmi-do kinacholinda bandari. Kisha maji yakapwa, meli zikaondoka, na askari hao wakabaki peke yao, wamezungukwa na tope, kutwa nzima. Jioni, saa kumi na moja na nusu, bahari iliporudi, wenzao wakaja na ngazi wakapanda kuta za bandari kama watu wanaopanda ukuta wa ngome hii.

Lakini jambo linalonivutia kuliko ngazi ni meli nane za mizigo. Ziliingizwa bandarini jioni hiyo kwa makusudi, zikajua kwamba maji yatapwa na kuziacha juu ya tope usiku kucha, zikiwa zimejaa risasi na petroli, haziwezi kukimbia wala kugeuka. Zilikwama kama majahazi ya Shela, ila kwa hiari, kwa kuwa walioko nchi kavu walihitaji shehena yake kabla ya maji yajayo. Askari waliouawa siku hiyo walikuwa kama 20.

Msidhani ndipo somo lilipoisha. Jeshi hilo leo lina watu karibu 170,000, na mwaka 2020 lilitangaza kwamba linaacha vifaru vyake vyote ili lirudie kazi ya visiwa na fukwe. Mwaka huohuo, tarehe 30 Julai, karibu na kisiwa cha San Clemente, California, gari lao moja linaloelea, kizazi cha yale ya Roebling, liliingia maji likazama likiwa mazoezini, na vijana 9 wakafa humo. Lilikuwa la zamani na lilikuwa likivuja. Hapakuwa na adui. Na sisi tusiyaone haya kama mambo ya mbali, maana Septemba 2012 jeshi letu lenyewe la Kenya lilishuka kwa njia ya bahari karibu na Kismayu, na nina hakika kuna mtu aliyelazimika kulijibu swali la maji kabla ya kuondoka.

Maswali nitayapokea hapa mezani. Ila wale wa Pate waniwie radhi, nyinyi msiningoje: nimemwuliza nahodha wenu kabla sijapanda jukwaani, na amesema leo Mkanda haupitiki baada ya saa kumi.